Shawa ipi kwa nyumba ambayo maji ya moto hayana presha

Kwenye maduka ya Kariakoo, shawa huuzwa kwa macho. Ukutani vimepangwa vichwa vinavyong'aa, vya duara na vya mraba, vingine vipana kama sinia, na ukiuliza kipi kinafaa utajibiwa kwamba vyote vinatoa maji vizuri. Lakini shawa haitengenezi presha. Inapitisha kile ilicholetewa na bomba, na nyumba nyingi za Dar es Salaam huletewa maji kwa uzito wake yenyewe, kutoka kwenye simtanki lililo mita mbili tatu juu ya kichwa cha anayeoga. Ndiyo maana mtu hung'oa shawa ya zamani iliyokuwa ikichuruzika, akafunga mpya ya bei mbaya, nayo ikachuruzika vilevile.

Pima kwanza

Anza na kimo. Kila mita 1 kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi kwenye matundu ya shawa inakupa bar 0.1, sawa na kPa 10 (bar na kPa ni vipimo vya presha). Umbali wa kwenda pembeni hauongezi kitu, unapunguza tu. Chukua nyumba ya kawaida ya chini: kitako cha simtanki kipo mita 3.5 kutoka sakafuni, shawa ipo mita 2.1. Tangi likikaribia kukauka umebakiwa na mita 1.4, yaani bar 0.14. Likijaa labda unafika bar 0.25. Sasa geuza boksi la ile mikseri nzuri uliyoipenda, yaani koki inayochanganya maji ya moto na baridi. Nyingi zimeandikwa kwamba zinahitaji angalau bar 0.5 au bar 1. Hapo jibu umeshalipata bila kumlipa fundi.

Kipimo cha pili ni ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Fungua kichwa cha shawa kitoke, weka mpira au kipande cha bomba kielekeze maji kwenye ndoo iliyoinuliwa juu ya stuli, ufungue maji baridi peke yake, kisha maji ya moto peke yake. Muhimu: pima maji yakitoka kwenye kimo cha shawa. Koki ya chini ya bafuni ipo mita 1.5 chini zaidi, kwa hiyo yenyewe ina presha karibu mara mbili, na wengi hudanganywa na koki hiyo wakaamini nyumba haina tatizo. Ndoo ikijaa ndani ya sekunde 75 una lita 8 kwa dakika, na hapo shawa karibu yoyote ya presha ndogo itakuridhisha. Ikichukua sekunde 150 una lita 4, na lazima uchague kwa uangalifu. Ikizidi hapo, tatizo halipo kwenye shawa.

Ukipata bomba la baridi lina nguvu na la moto halina, uliza kwanza: yanatoka sehemu moja? Nyumba nyingi za Sinza, Tabata au Kimara zimeunganishwa hivi: maji baridi yanakuja moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na hita inalishwa na simtanki. Siku maji ya DAWASA yakitoka kwa nguvu, baridi linaingia kwenye mikseri, linalizidi nguvu la moto lisitoke, na wewe unaoga baridi huku hita ikiwaka. Dalili yake ni kwamba siku ya mgao, DAWASA wakiwa wamefunga, maji ya moto yanatoka vizuri kuliko siku maji yapo. Mikseri mpya haiwezi kuponya hali hiyo. Dawa ni kuhamisha baridi la bafuni ili nalo lilishwe na tangi lilelile, hata kama linapoteza nguvu. Mikseri hufanya kazi pande mbili zikilingana, na kulingana kuna faida kubwa kuliko upande mmoja kuwa na kasi.

Kama chanzo ni kimoja na bado la moto ni dhaifu, kuna mahali pameziba. Kagua kwa mpangilio huu, kwa sababu ndio unaotoka kwenye kazi rahisi kwenda ngumu. Kwanza vichujio vya wavu ndani ya washa (zile pete za mpira), pale mikseri inapoungana na ukuta. Halafu mipira miwili ya chuma iliyosukwa chini ya hita, ambayo mpira wake wa ndani huvimba kwa joto ukabana njia. Halafu valvu ndogo ya usalama kwenye mlango wa maji baridi wa hita, ile yenye kijiko kidogo pembeni. Ndani yake kuna springi inayozuia maji kurudi nyuma. Kwa presha ya DAWASA huihisi, kwa presha ya tangi la mita 2 springi ile ni mzigo mkubwa, na ikishika chumvi haifunguki sawasawa. Isafishe au ununue mpya. Usiitoe na kuunga bomba tupu hata fundi akikuambia "hiyo haina kazi": maji yakichemka hutanuka, na ile ndiyo njia yake ya kutokea.

Baada ya hapo angalia koki za geti njiani, maana lango lake la ndani hukatika likabaki limeshuka nusu wakati gurudumu la juu linazunguka kama kawaida. Mwisho ni bomba lenyewe. Nyumba za zamani zenye bomba za chuma zina kutu ndani, na upande wa maji ya moto huwa mbaya zaidi.

Maji ya moto unayohitaji ni machache kuliko unavyodhani

Hapa pana jambo ambalo ushauri ulioandikwa kwa nchi za baridi hauwezi kukupa. Maji ya tangini Dar huwa nyuzi 27 hivi, mchana wa Januari hata zaidi. Mtu anaoga vizuri kwenye nyuzi 39. Hita ikiwa imewekwa nyuzi 60, mchanganyiko unahitaji sehemu 36 tu za moto kwa kila sehemu 100. Kwa shawa ya lita 7 kwa dakika, hiyo ni lita 2.5 za moto. Kule Uingereza, ambako maji baridi yanaweza kuwa nyuzi 10, wangehitaji zaidi ya lita 4 kwa kazi hiyohiyo.

Maana yake ni kwamba bomba la moto dhaifu linaweza kabisa kutosha, mradi hita iwe imewekwa joto la kutosha. Watu wengi huiteremsha hadi nyuzi 45 ili kuokoa luku. Kwa nyuzi 45 unahitaji sehemu 67 za moto kwa kila 100, karibu mara mbili, halafu unalalamika kwamba la moto halina presha. Kabla ya kununua chochote, pandisha hita hadi 60, subiri ichemke, ujaribu tena. Ni maji ya kuunguza, sekunde chache tu zinatosha, kwa hiyo nyumba yenye watoto iwe na mikseri ambayo mtoto hafikii, na kila mtu azoee kufungua baridi kwanza.

Hita ya tangi ya lita 50 kwa hesabu hiyo inakupa zaidi ya lita 100 za maji ya kuogea, na inatumia karibu uniti 2 kupasha kutoka 27 hadi 60. Yenye wati 1,500 itachukua saa 1 na robo hivi. Sioni sababu ya kufunga ya lita 100 kwa familia ya watu watatu Dar.

Shawa zenyewe

Kwa presha chini ya bar 0.3, achana na vichwa vipana vya sentimita 20 na 25. Maji ni yaleyale lita 5 au 6. Ukiyagawa kwenye matundu 150 kila tundu linapata tone. Kichwa cha sentimita 8 hadi 10, chenye matundu 40 hadi 60, kinayabana maji pamoja na mwili unahisi unaogeshwa. Matundu yawe na vichuchu laini vya silikoni, ambavyo chumvi yake unaisugua kwa kidole gumba ikatoka. Vichwa vinavyotangazwa kuchanganya hewa na maji, na vile vyenye vijiwe vya rangi ndani, vinahitaji presha ambayo huna.

Mpira wa shawa ya mkononi ni mwizi asiyetiliwa shaka. Ya bei rahisi ina tundu la milimita 8 au chini ya hapo. Tafuta wa milimita 10 au zaidi. Eneo la kupita maji linaongezeka kwa zaidi ya nusu. Chungulia pia kwenye ncha zote mbili, maana kuna mpira mpana wenye ncha nyembamba. Na ndani ya shingo ya kichwa, chini ya washa, mara nyingi kuna kisahani cha plastiki chenye tundu dogo katikati. Kimewekwa kubana maji kwa ajili ya nyumba zenye presha kubwa. Kitoe kwa bisibisi nyembamba. Wakati mwingine kazi yote inaishia hapo.

Kwa mikseri, za mikono miwili, moto kwake na baridi kwake, zenye koki za kuzungusha, hupitisha zaidi kuliko za mkono mmoja. Ukipenda ya mkono mmoja, uliza yenye katriji (kile kiini cha ndani kinachofungua na kuchanganya maji) ya milimita 40 badala ya 35, na uombe ifunguliwe uone njia zake. Zile za kujirekebisha joto zenyewe ni nzuri, lakini nyingi zinataka presha iliyolingana na kubwa, kwa hiyo kwenye tangi la juu ya slabu utanunua usumbufu.

Jambo jingine halina gharama: teremsha shawa. Kama una mita 1.4 za kimo, kushusha kichwa kwa sentimita 25 kunakupa karibu asilimia 18 zaidi. Wajenzi hupenda kuiweka mita 2.2 kana kwamba kila mtu anacheza mpira wa kikapu. Shawa ya mkononi kwenye kishikio cha kupanda na kushuka inamaliza ubishi, na ukitaka nguvu ya kusuuza povu unaishika usawa wa kiuno.

Kama bomba la moto limekufa kabisa

Hapo shawa ya umeme inayopasha maji kichwani kwake inakuwa na maana, kwa sababu inataka bomba la baridi peke yake. Zinazotoka Brazil, kama Lorenzetti, zimetengenezwa kwa nchi ambayo nyumba nyingi zina tangi juu ya paa, kwa hiyo zinawaka kwa presha ndogo kuliko nyingi za Ulaya. Bado soma boksi: presha ya chini imeandikwa kwa kPa au kwa mita za maji, na kiwambo cha mpira ndani hakitasukuma swichi kama maji hayafiki hapo. Utasikia "taki", taa inapepesa, maji yanabaki baridi.

Kwa nguvu ya umeme, Dar hauhitaji ya wati 7,500. Tufanye hesabu: kilowati zigawe kwa 0.07, kisha ugawe kwa lita za dakika, unapata nyuzi zinazoongezeka. Wati 5,500 kwa lita 6.5 huongeza nyuzi 12, na 27 inakuwa 39. Vizuri sana. Lakini wati hizohizo kwa lita 3 zinaongeza nyuzi 26, maji yanatoka yakiwa 53 na huwezi kukaa chini yake. Nyumba yenye presha ndogo basi inahitaji shawa yenye hatua kadhaa za joto, hasa hatua ya chini ya wati 2,500 hadi 3,000, ambayo kwa lita 3 inakuleta kwenye nyuzi 40 hivi. Ukiona shawa yenye hatua mbili tu, "zima" na "washa", iache dukani.

Maji ya kisima ni habari nyingine. Kigamboni na maeneo mengine ya pwani yana visima vya chumvi, na shawa nyingi za aina hii zina waya wa kupashia ulio wazi ndani ya maji. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, waya unaliwa upesi, na mtu anaanza kupigwa shoti ndogondogo akigusa koki. Kuna zinazouzwa mahsusi kwa maji ya chumvi, waya wake ukiwa ndani ya ganda. Nunua hizo au baki na hita ya tangi, na hiyo nayo ukumbuke kukagua fimbo yake ya magnesiamu kila mwaka, kwa sababu chumvi huimaliza, na fimbo ikiisha chumvi inaanza kula tangi lenyewe.

Umeme wake hauna mchezo. Wati 5,500 ni karibu ampea 25. Inahitaji laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita 4 za mraba kwa umbali mfupi na 6 kwa mrefu, breka ya ampea 32, kifaa cha kukata umeme ukivuja kwa milliampea 30, na ethi iliyopimwa, siyo waya wa kijani uliofichwa ukutani usiofika popote. Usiunge kwenye soketi, wala kwenye laini ya taa. Kazi hii apewe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Jioni umeme ukishuka hadi volti 200, nguvu inapungua kwa karibu robo, kwa hiyo usishangae maji kuwa vuguvugu saa moja usiku.

Kwa luku, dakika 10 za kuoga ni uniti 0.9. Watu wanne kila siku ni uniti 110 kwa mwezi. Kama upo kwenye kundi la wateja wadogo wanaolipiwa bei nafuu kwa matumizi yasiyozidi uniti 75, shawa peke yake inaweza kukutoa humo, na hasara yake itagusa hadi friji na taa.

Bomba na pampu

Kabla ya pampu, tazama bomba. PPR, yaani bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuchomelea, ya milimita 20 ya daraja la presha PN20 ina tundu la milimita 13.2 tu ndani. Kwa lita 8 kwa dakika, kila mita 10 za bomba hilo zinakula karibu mita 1 ya kimo chako. Ukiwa na mita 1.4, umebakiwa na nini? Bomba la milimita 25, lenye tundu la 16.6, linakula sentimita 30 hivi kwa umbali huohuo. Kubadilisha laini ya kutoka tangini hadi bafuni iwe 25, ukiacha 20 kwa kipande cha mwisho cha ukutani, mara nyingi kunaleta tofauti kubwa kuliko shawa yoyote. Elbo, yaani viungio vya kona, zipunguzwe. Fundi achomee kwa nyuzi 260, sekunde 5 kwa bomba la 20 na 7 kwa la 25, na asisukume kupita kina chake. Akikaanga sana na kusukuma kwa nguvu, plastiki hujikunja ndani ikawa pete inayoziba nusu ya njia, na nje kiungio kinaonekana kizuri ajabu.

Kuinua tangi ni jibu safi zaidi, bila umeme na bila kelele. Lita 1,000 ni tani 1, kwa hiyo ni kazi ya nguzo na slabu ya zege au mnara wa chuma ulioandaliwa vizuri, siyo matofali yaliyopangwa juu ya paa. Karibu na bahari chuma kisichopakwa vizuri huliwa haraka.

Pampu ndogo ya kuongeza presha, ya wati 100 hadi 250 hivi, ifungwe kwenye bomba linalotoka tangini, kabla njia haijagawanyika kwenda hita na kwenda baridi. Hapo inasukuma pande zote mbili sawasawa na inaguswa na maji ya baridi tu. Ukiifunga kwenye moto peke yake utageuza lile tatizo la mwanzo: sasa la moto ndilo litakalosukuma baridi. Usiifunge pia inyonye moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA. Inavuta mchanga na uchafu wa nyufa za bomba, na jirani anabaki mkavu. Swichi yake ya mtiririko inahitaji maji yaanze kutembea yenyewe kabla haijawaka, kwa hiyo bafu la ghorofani lililo usawa mmoja na tangi litahitaji pampu yenye swichi ya presha. Pembeni yake weka njia ya kukwepa yenye valvu ya kuzuia maji kurudi, ili TANESCO wakikata, maji yaendelee kushuka kwa uzito wake. Mafundi wengi huiacha njia hiyo kwa kuokoa viungio vitatu. Idai.

Siku ya kufunga

Nafasi kati ya bomba mbili za mikseri ya ukutani ni milimita 150, katikati kwa katikati, na vile viunganishi vilivyopinda hurekebisha kidogo tu. Pima ukuta wako kabla ya kwenda dukani. Funga koki, safisha nyuzi za zamani, zungushia tepu nyeupe kwa mwelekeo wa kukaza, mizunguko 10 hadi 15 kwa nusu inchi. Kabla ya kuweka mikseri, fungua maji yamwagike kwa nguvu sekunde 30 kila upande. Vipande vya plastiki na tepu vilivyobaki ndani ndivyo huziba katriji mpya siku ya kwanza.

Jaribio la mwisho lifanyike nyumba ikiwa kwenye matumizi. Shawa ikiwa wazi kwa joto unalolipenda, mtu afungue koki ya jikoni na mwingine avute maji chooni. Baridi likipungua ghafla na maji yakawa ya kuunguza, bafu linagawana bomba jembamba na choo. Bana koki ya pembeni ya choo ijaze tangi lake taratibu, au vuta laini ya baridi ya shawa peke yake kutoka tangini. Baada ya hapo, kila mwezi fungua kichwa cha shawa, kiloweke nusu saa kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na uoshe vile vichujio vya wavu. Wenye maji ya kisima wafanye kila wiki mbili.